Maji ya Chini

Bilali wa Bi Kashindi alipofariki, walimuosha, wakamkafini, wakamsalia baada ya adhuhuri, kisha wakampeleka kiwandani.

Jeneza lilishushwa mbele ya lango la Marejesho, kwenye kivuli cha ukuta. Wanaume waliolibeba walisoma dua fupi, wakakung'uta kanzu zao, wakaondoka mmoja mmoja bila kuangalia nyuma. Ndiyo ilikuwa desturi mpya ya Ujiji. Hakuna aliyeifundisha, watu waliizoea tu. Aliyebaki alikuwa mama wa marehemu peke yake, amekaa chini, ameegemeza bega lake kwenye jeneza kama mtu aliyeegemea mlango wa nyumba yake.

Mwantumu akatoka kumpokea. Alikuwa mkemia mkuu wa kiwanda, mwanamke wa makamo, mikono imebabuka kwa magadi hadi viwiko. Kazi ya kuwapokea wafiwa angeweza kumwachia mtu mwingine, lakini tangu sheria ya Marejesho ipite, na ni yeye aliyeipendekeza, hakuwahi kumtuma mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Kashindi hakunyanyua macho. "Nimekuletea."

"Poleni sana, mama. Mungu ampe..."

"Huyu ni wa mwisho. Baba yao mlimchukua, sikusema neno. Kaka yake mlimchukua, sikusema neno. Nilijiambia, acha waende, ili Bilali apate tone lake la asubuhi, apumue. Sasa aliyekuwa anapumua ndiye huyu hapa." Akalipapasa jeneza. "Nataka nimzike."

Mwantumu akachuchumaa mbele yake. Maneno ya kusema aliyajua, alikwisha kuyasema kwa wengi. "Mama, tukimzika Bilali, alichonacho mwilini kinakwenda udongoni. Wodi ya watoto imejaa. Wanaongoja tone..."

"Najua. Watoto wa watu. Kila nikija mnaniambia watoto wa watu, na mimi sikatai." Sasa akamtazama. "Nakuuliza jambo moja tu, kwa kuwa na wewe ulizaa. Wa kwako ana kaburi. Nalipita nikienda sokoni, namuona mumeo analipalilia. Ukizidiwa, unakwenda pale unakaa. Mimi nikizidiwa nikakae wapi? Walinionyesha shamba la michikichi, wakaniambia wamo humo. Michikichi yote ile, mwanangu. Nikae chini ya upi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mwantumu akainuka, akagonga lango, wahudumu wakatoka wakaliinua jeneza, na Bi Kashindi akabaki ameegemea hewa.

* * *

Kifua cha majivu kiliingia Kigoma na miaka ya moshi, misitu ya ng'ambo ya ziwa ilipoungua msimu baada ya msimu. Kilianza kama kikohozi, kikamaliza kwa kuyakausha mapafu hadi yakawa kama gamba. Dawa yake ilipatikana katika mawese. Ila mawese peke yake hayawi dawa, yalihitaji rodi.

Rodi ni madini adimu kuliko dhahabu, na kazi yake ni kama ya mkunga: huzalisha, akanawa mikono, akamngoja mzazi mwingine. Haiingii ndani ya dawa, haimalizwi kwa kutumika. Shida ni namna ya kuipata tena baada ya kila uzazi, na hapo ndipo Mwantumu na wenzake walipopata akili ya kutumia maji. Ndani ya tangi, maji hukaa chini na mafuta hukaa juu, kama yanavyokaa kwenye sufuria ya mchuzi. Rodi waliifungia ndani ya maji kwa molekuli ambayo wafanyakazi waliiita kishikio: upande mmoja inaikumbatia rodi, upande wa pili inapenda maji na haitaki kuyaacha. Wakiingiza gesi na kulikoroga tangi kwa nguvu, kila kitu huwa cheupe kama uji. Wakiliacha litulie, mafuta hupanda yakiwa yamegeuka dawa, yakafyonzwa. Rodi hubaki na maji ya chini, tayari kupokea mafuta mapya. Maji yale hayakumwagwa tangu kiwanda kianze.

Lakini kishikio huchoka. Joto hukivunja kimoja huku, kingine kule, na kila kinapovunjika chembe ya rodi huteleza ikapanda na mafuta. Mgonjwa huimeza asubuhi pamoja na tone lake, ikaenda kukaa kwenye ini na mifupa. Haimdhuru. Inakaa tu. Zamani hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa meli zilileta rodi nyingine. Kisha machimbo ya kusini yakaisha, meli zikakoma, na mgodi pekee uliobaki ulikuwa watu.

Bilali alilazwa kwenye chombo cha magadi ya moto, kifuniko kikafungwa, mgandamizo ukapanda. Mwantumu alikaa nje akisoma Yasini kimoyomoyo mpaka mwili ukawa maji. Maji yakapitishwa kwenye chujio lililonasa rodi; yaliyosalia yakaelekezwa shambani, michikichi ikanyonye hata ile chembe iliyoponyoka, ili makuti yake yachomwe na majivu yachujwe upya. Hakuna kilichorudishwa kwa wenyewe. Sheria iliandikwa hivyo kwa sababu hesabu haikuruhusu vinginevyo.

Gwakisa, meneja wa kiwanda, alimkuta Mwantumu maabara akiipima rodi ya Bilali. Alikuwa Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye miaka ya moshi aliwabeba wagonjwa mgongoni kuwapandisha wodini lifti zilipokufa.

"Imetosha?" akauliza.

"Bado."

Mezani palikuwa na chupa ya kishikio kipya, kazi ya Mwantumu ya miaka mingi. Hiki kiling'ang'ania rodi hata tangi lichemke. Katika vyombo vya majaribio mafuta yalitoka safi kabisa, bila chembe. Siku tangi kubwa litakapoanza nacho, hakuna mgonjwa atakayemeza rodi tena, na hakuna maiti itakayopelekwa kiwandani. Lakini kwa kuwa kiliikumbatia rodi mno, rodi yenyewe ilifanya kazi kwa uvivu. Bila rodi ya kutosha tokea mwanzo, mafuta yangetoka nusu dawa, nusu mawese. Waliyoikusanya yote, pamoja na ile ya kwenye maji ya zamani, ilikuwa imepungua kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Ncha ya ukucha."

Gwakisa akaketi. "Tangi la zamani halifiki masika, Bi Mwantumu. Nimeshapunguza tone la watu wazima. Nikipunguza tena, naingia wodi ya watoto." Akafikicha macho. "Hiyo ncha ya ukucha ni watu wawili, watatu. Mzee Mlongecha wa Kibirizi hali yake si nzuri. Na yule binti wa Gungu, aliyezidiwa juzi, wanasema hata akifika..."

Akakatiza. Wakatazamana.

"Mungu anisamehe," Gwakisa akasema polepole. "Nimeanza kuwangoja."

Mwantumu hakumlaumu, kwa maana na yeye alikuwa ameshamfikiria Mzee Mlongecha kabla hajatajwa. Aliiweka chupa mezani. Kuna jambo alilolijua peke yake, na alilikalia kwa muda mrefu kama mtu anavyokalia mkeka uliofunika shimo.

Binti yake Asumini aliugua mwanzoni kabisa, kabla kiwanda hakijakuwa kiwanda. Dawa ya siku zile Mwantumu aliitengeneza kwenye chupa za maabara, na tabaka hazikujitenga vizuri. Katikati palibaki ute mzito wa rangi ya chai, umejaa rodi. Alimpa mtoto vilevile, pamoja na ute, kwa kuwa mtoto alikuwa anabadilika rangi midomo. Asumini akapumua. Aliishi hadi meno ya mbele yakang'oka na mengine makubwa yakaota, akajifunza kuogelea, akajua kusuka ukili kwa bibi yake. Kisha kifua kikamrudia kwa nguvu kuliko dawa. Alizikwa kabla ya sheria, kama walivyozikwa watu wote siku zile.

Hakuna mwili Kigoma nzima uliobeba rodi kama ule mdogo.

* * *

Sumaili, mumewe, alikuwa mwashi. Alasiri ya siku ya pili alikuwa uani anainua ukuta wa jiko, mwiko mkononi, shati limeloa mgongoni. Alimsikia mkewe akiingia, akajua kwa mwendo wake kwamba kuna neno.

"Baba Asumini."

"Sema."

Akasema. Alianza na tangi, akaendelea na kishikio, akafika kwenye ncha ya ukucha, na Sumaili alikuwa anaendelea kupanga tofali, kila moja analigonga kwa mpini wa mwiko likae sawa. Alipotaja ute wa rangi ya chai, mkono wa mumewe ukasimama.

"Unataka kumfukua," akasema.

"Nataka tu..."

"Litamke neno lenyewe. Usinizungushe na rodi."

"Nataka tumfukue."

Sumaili akaweka tofali chini. "Mimi ndiye niliyeshuka mwanandani. Ulikuwa umezirai, hukuona. Nilimpokea kwa mikono hii nikamlaza kwa ubavu, nikafungua sanda shavu lake liguse mchanga. Uzito wake ninao hapa mpaka leo." Akanyoosha mikono yenye saruji. "Nikiinua mfuko wa saruji, nausahau. Ule sijausahau."

"Sheikh nimemuuliza. Amesema dharura ina hukumu yake, ila mzazi halazimishwi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni sisi."

"Siyo sisi. Wewe umeshaamua. Hapa umekuja kunipa habari."

Ilikuwa kweli.

"Watoto wa watu nawaonea huruma," Sumaili akasema. "Wallahi nawaonea. Lakini kila mja ana kitu kimoja ambacho haombwi. Kimoja tu. Mkono wangu ningekupa."

"Bi Kashindi aliombwa," Mwantumu akasema. "Mara tatu. Mimi ndiye niliyemwomba, halafu nikarudi nyumbani nikapita kaburini kwetu. Ameniuliza jana akakae wapi. Nimekosa la kumwambia."

Sumaili akautupa mwiko kwenye karai, akanawa mikono kwenye ndoo, akatoka. Usiku hakurudi.

* * *

Asubuhi Mwantumu alikwenda makaburini na wahudumu wawili wa Marejesho. Alikuwa amejitayarisha kuubomoa mwenyewe ukingo wa tofali uliozunguka kaburi. Walipokaribia, akaona hakuna cha kubomoa.

Sumaili alikuwa shimoni, udongo unamfikia kifuani. Tofali zote alikuwa amezing'oa moja moja bila kuvunja hata moja, akazipanga pembeni, chokaa imekwanguliwa. Jembe lilikuwa limelala juu. Alikokuwa amefika alichimba kwa viganja.

"Kaeni kando," akawaambia wahudumu bila kugeuka. "Hakuna mkono mwingine utakaomgusa."

Wakakaa kando. Mwantumu akapiga magoti ukingoni. Alimsikia mumewe akipumua, na akamsikia anaongea chini kwa chini, maneno ya kumtuliza mtoto anayeamshwa asubuhi na hataki kuamka. Baada ya muda akanyoosha mikono juu. Alikuwa amenunua kitambaa kipya cheupe, amekifunga vizuri kama mzigo wa zawadi.

"Mpokee," akasema. "Ni mwepesi sasa."

Mwantumu akampokea.

Sumaili akatoka shimoni bila kusaidiwa. Alijipangusa magoti. "Nakwenda Kasulu kwa kaka," akasema. Hapakuwa na ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Mwantumu zaidi. Ukali angeweza kuujibu. "Usinitafute, Mama Asumini. Acha nikae."

* * *

Kazi ile hakumshirikisha mtu. Gwakisa alisimama mlangoni, akasema, "Dada, niache nifanye mimi," Mwantumu akamfungia mlango taratibu.

Alikifungua kitambaa mezani. Meno mawili ya mbele yalikuwa makubwa kuliko mengine, na kingo zake zilikuwa bado na vile vijino vidogo ambavyo jino jipya huja navyo, kabla halijasagwa na miaka ya kutafuna. Mwantumu aliyashika kiganjani muda mrefu. Ikamjia kwamba angeweza kuyabakiza, mawili tu. Nani angejua? Rodi ya meno mawili si kitu.

Kisha akafikiria kwamba hakuna aliyewahi kubakiziwa kitu. Bi Kashindi hakubakiziwa ukucha. Akayaweka pamoja na mengine.

Tindikali ikafanya kazi yake. Chujio likanasa. Jioni, chini ya kibakuli cha kauri, palikuwa na vumbi la kijivu lililoelekea weusi, ambalo mtu angelipuliza akidhani ni masizi. Wakati anaiweka rodi ile mizanini alitamani iwe nyingi na alitamani isiwepo kabisa, na hakujua ni lipi analiomba.

Ilitosha. Ilizidi.

Tangi jipya lilianza wiki ileile. Rodi yote ikayeyushwa na kishikio kipya, maji yakawa ya rangi ya chungwa lililoiva, yakamiminwa. Mawese yakafuata juu yake, gesi ikaingia, mashine ikakoroga, na tangi likanguruma hata vioo vya madirisha vikatetemeka. Walipolizima, wafanyakazi wote walikusanyika mbele ya kidirisha cha kioo. Weupe ulianza kupasuka taratibu. Mafuta yakapanda, maji yakashuka, na kati yao pakatokea mstari mwembamba, umenyooka kama uzi wa fundi. Hapakuwa na ute.

Mwantumu akayapima mafuta. Akayapima tena. Akampa Gwakisa apime.

"Hakuna," Gwakisa akasema. "Hakuna hata chembe. Imebaki yote chini." Mtu mzima yule akajifunika uso kwa koti lake la kazi, akalia.

Mafuta yakatolewa, mengine yakatiwa, maji ni yaleyale. Na tena, na tena, rangi ya chungwa haikupauka. Tone la watu wazima likarudi kama zamani. Mwezi ule sheria ya Marejesho ikafutwa. Mzee Mlongecha wa Kibirizi, aliyetarajiwa kufa kabla, aliishi hadi akasikia habari hiyo, akacheka, akafa baada ya siku chache. Akawa wa kwanza kuzikwa. Mji mzima ulimfuata, hata wasiomjua. Watu walitaka tu kushika udongo na kuutupa kaburini, wakumbuke mazishi yanavyofanywa.

Bi Kashindi hakwenda. Alikuja kiwandani, akamkuta Mwantumu langoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kwa hiyo Bilali angechelewa kidogo tu, ningemzika."

Mwantumu angeweza kumweleza kwamba bila Bilali ncha ya ukucha ingekuwa kubwa zaidi. Ingekuwa kweli, na ingekuwa ukatili. "Ndiyo, mama," akasema. "Kidogo tu."

Bi Kashindi akakaa chini palepale, kwenye kivuli cha ukuta. Mwantumu akakaa pembeni yake. Malori ya mawese yakapita, yakawarushia vumbi, hakuna aliyejisogeza.

"Nimesikia ulimtoa wako," Bi Kashindi akasema hatimaye. "Yale maneno niliyasema kwa uchungu. Sikukutuma."

"Hukunituma, mama."

"Nilikuwa nikilipita lile kaburi nakuchukia. Nikidhani siku tukiwa sawa, mimi na wewe, nitapata nafuu." Akatikisa kichwa. "Sikupata, mwanangu. Nimekuta tu tumekuwa wawili."

* * *

Sumaili alirudi mvua zilipoanza. Hakwenda nyumbani, alikuja kiwandani, akamwambia mlinzi amwitie mkewe. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeingia mvi ambazo Mwantumu hakuzijua. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka lango lile.

"Yuko wapi?" akauliza.

Mwantumu akampeleka. Walipita ukumbi wa mapipa, wakapanda ngazi ya chuma, wakasimama mbele ya tangi. Sumaili akalitazama kutoka chini hadi juu kwa jicho la mwashi, anavyotazama ukuta uliojengwa na mtu mwingine. Akaweka kiganja.

"Lina moto."

"Ndiyo. Kwenye baridi haifanyi kazi."

"Yeye alikuwa hapendi baridi." Akasogea kwenye kidirisha. "Nionyeshe."

"Haya ya juu ni mawese. Yanakuja yakiwa mafuta tu, yanageuka dawa, yanaondoka. Yeye yuko huku chini, kwenye maji haya ya rangi ya chungwa."

"Naye haondoki?"

"Haondoki. Anafanya kazi, anabaki."

"Upande gani? Kulia, kushoto? Nataka kujua anapokaa."

Mwantumu alitamani kumnyooshea kidole mahali popote, apate pa kutazama. Lakini hakuwahi kumdanganya mumewe. "Sijui, Baba Asumini. Amechanganyika na wenzake. Bilali yumo, na kaka yake, na baba yao. Wote waliopita kwenye mikono yangu wamo. Hakuna awezaye kuwatenganisha tena, hata mimi."

Tangi lilikuwa limetulia, mstari wa tabaka umenyooka kiooni. Sumaili akainama, akavua viatu, akaviweka pamoja kando ya ngazi.

"Basi niwasalimie wote," akasema.

Akakishika tena chuma kile chenye joto, akawatolea salamu, kisha akaanza kuwataja. Alianza na baba wa akina Bilali, akafuatia na Bilali na kaka yake, na jirani zake aliowajua, na waliomfundisha uashi, na mafundi wenzake wa Mwanga waliopitia lango lile, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, bila haraka. Wa kwake alimweka mwisho. Alipomfikia sauti ilikatika katikati ya jina, akajaribu tena, ikakatika palepale. Mwantumu akasogea, akaweka kiganja chake kando ya cha mumewe, akalimalizia.